Ikhwani Safaa ilikuwa ya Sultani? Jibu kwa mwalimu wa Wete

SWALI: Maalim, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete. Marehemu babu yangu mzaa mama aliishi Unguja, mchana karani bandarini, usiku mpiga fidla wa klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa. Ametuachia picha moja isiyo na tarehe: wanaume wamekaa safu mbili, wamevaa suti na tarbushi, mbele yao kuna kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), udi, fidla nne na kodiani. Nimewaonesha wanafunzi wangu, wakaniuliza mambo matatu nikashindwa kuwajibu. Je, taarabu ile ilikuwa ya Sultani? Picha hii ni ya miaka gani? Na vipi kikundi cha watu wasiolipwa mshahara kimeishi zaidi ya miaka mia, na hivi vya kulipwa vinazaliwa leo, kesho havipo?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wanafunzi wako wameuliza vizuri kuliko wengi wanaonijia na vinasa sauti, maana wao wameanza na mtu, hawakuanza na nadharia.

La Sultani ndilo lililojaa porojo, kwa hiyo nianze nalo. Seyyid Barghash bin Said alitawala kuanzia 1870 hadi 1888, na kwa kupenda fahari hakuwa na mpinzani katika pwani hii. Beit el-Ajaib ni yake, maji ya mfereji yaliyofika mjini ni yake. Mapokeo ya wanataarabu wa Unguja yanasema alileta wapigaji kutoka Misri waje kumburudisha kasrini, kisha akaona heri awe na wa kwake, akamtuma Cairo kijana aitwaye Mohamed Ibrahim akajifunze ala, hasa kanuni. Kijana akarudi, akapiga, akafundisha wenzake. Kisa hiki nakikubali kwa jumla yake. Nisichokikubali ni ile tamati inayobandikwa, kwamba basi taarabu yote iliyofuata ni mtoto wa kasri. Mpigaji wa kasrini alikuwa mtu wa Sultani, ala ilikuwa ya Sultani, na saa ya kuanza na ya kunyamaza ilikuwa ya Sultani pia. Akifa bwana mkubwa, au akija mwingine asiyependa nyuzi, hapakuwa na hata mmoja mle ndani mwenye haki ya kusema: jamani, tuendelee.

Babu yako hakupiga muziki wa namna hiyo. Mwaka 1905 vijana wa mjini, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, watu wenye shughuli zao, waliunda Nadi Ikhwan Safaa. Jina walilichukua kwa wale wanazuoni wa Basra wa karne ya 10, Ikhwan al-Safa, na kwa hilo tu unaona walichotaka kiwe mbele: udugu kwanza, nyuzi baadaye. Visiwa vilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890. Kitini alikuwepo Seyyid Ali bin Hamud, kijana aliyesomeshwa Uingereza, na mwaka huohuo wa 1905 ndiyo kwanza alikuwa anatoka chini ya msimamizi wa Kiingereza aliyemtawalia mpaka akue. Kasri lilikuwepo, lakini halikuwa tena lile la Barghash, na nguvu ya kuamua mambo ya mji ilikuwa imehamia maofisini. Katika mji wa namna hiyo vijana wakajikusanya, wakaagiza ala kutoka Misri, wakajifundisha. Masultani waliwapenda na kuwaalika, hilo halina ubishi. Mwaliko wa kasri ulikuwa heshima kubwa. Ila baada ya kupiga walirudi kwenye nyumba yao wenyewe, na ala zao.

Kwa hiyo wajibu wanafunzi hivi: muziki ulipitia kwa Sultani, okestra ilianzishwa na raia.

Kuna jambo moja usiwafiche watoto kwa kuipenda picha. Klabu ile ya mwanzo haikuwa ya kila mtu. Ilikuwa ya wanaume, ya watu wa Mji Mkongwe, ya watu waliotaka kuonekana wastaarabu kwa kipimo cha Cairo, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Msikilizaji wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, aliyepita dirishani angeweza kuipenda sauti asijue linaloimbwa. Aliyevunja ukuta huo hakutoka klabuni. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akauza vyungu, akaja mjini akajifunza kuimba, na dunia ikamjua kwa jina la Siti binti Saad. Yeye na wenzake, kina Subeti bin Ambari, Mbaruk, Budda bin Mwendo na Maalim Shaaban, waliiimba taarabu kwa Kiswahili, wakaimba habari za mahakama, za dhuluma, za mapenzi na za jirani, na mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ikawachukua hadi Bombay kurekodi santuri. Santuri zile zilipotua kwenye mikahawa ya pwani nzima, hakuna klabu iliyoweza tena kujifanya haisikii. Haikutokea kwa siku moja. Klabu za mjini ziliendelea na Kiarabu kwa miaka mingi, na Kiswahili kikaja kukamata kiti kidogo kidogo hadi katikati ya karne. Siti akafariki 1950, na nyimbo wanazozijua wazee wako wa Wete kwa moyo zimetokana na mlango alioufungua yeye.

Wanawake nao hawakukaa kusubiri kualikwa. Walianzisha vikundi vyao vyenye majina ya kujitapa, Nuru el-Uyuni, Sahib el-Ari, hata Royal Navy, na mashindano yao ya nguo na mafumbo yalikuwa makali kuliko chochote kilichotokea katika klabu za wanaume. Hiyo ni habari nyingine ndefu, na siku ukiniuliza nitaijibu kwa furaha zaidi kuliko hii.

Sasa picha. Umenieleza vizuri nini kinaonekana, na mara nyingi picha ya okestra hujitaja umri wake kwa ala zilizomo. Kikundi cha zamani kabisa kilikuwa kidogo: udi, kanuni, fidla moja au mbili, nai (filimbi), dumbaki (ngoma ndogo) na rika (tari). Watu wachache, sauti nyembamba, muziki wa chumbani. Fidla nne tayari zinatuambia tumeshatoka huko. Kodiani inatuambia zaidi, maana ni ala ya Ulaya iliyoingia pamoja na wimbi la okestra kubwa za Misri, zile alizokuwa nazo Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab, ambazo watu wa Unguja walizisikia kwenye santuri, wakaziona kwenye filamu za Kimisri katika sinema za mjini, na baadaye wakazipata redioni. Wapigaji wetu walipoona safu nzima ya fidla zinatembea pamoja kwenye pazia la sinema, na wao wakataka safu. Hapo ndipo klabu zilipoanza kunenepa.

Kwa upande wa pili, hukunitajia chelo wala dabali besi, zile fidla kubwa za sauti nzito, na ala hizo mbili si za kujificha nyuma ya mtu. Kikundi kilichokwisha kuwa nazo kingeziweka waziwazi, maana ndizo zilizokuwa za kujivunia. Tarbushi nazo zinasema kitu: baada ya 1964 huzioni tena safu nzima namna hiyo. Ukijumlisha yote, nikilazimishwa nitasema picha ni ya baada ya Vita Vikuu vya Pili na kabla ya Mapinduzi, na moyo wangu unaelemea mwanzo wa miaka ya 1950. Igeuze uone nyuma. Wapigapicha wa mjini walikuwa na desturi ya kugonga muhuri wa studio, na muhuri unaweza kutusaidia kuliko maelezo yangu yote.

Nikutajie na jambo dogo la kodiani hiyo, kwa kuwa watu huliruka. Kodiani inayotoka kiwandani Ulaya haina zile robo za sauti ambazo makamu ya Kiarabu, yaani mipangilio ya sauti ya kujengea wimbo, kama rasti na bayati, yanazihitaji. Fidla inazo, kwa sababu kidole kinateleza popote. Udi unazo, kwa sababu shingo yake haina vigawanyo. Kanuni inazo, kwa vile vitufe vidogo vya pembeni vinavyofupisha na kurefusha nyuzi zake zipatazo 78, zilizofungwa tatu tatu. Kodiani haina, mpaka fundi aifungue na kuikwangua ndimi zake. Kuna walioifanyia hivyo, na kuna walioiacha ilivyo wakaizoea, na nyimbo nyingi za Kiswahili zilizotungwa baadaye zikaegemea makamu ambazo kodiani inaziweza. Sikiliza taarabu ya Unguja ya miaka ya 1970 ukilinganisha na ya Misri, utasikia ladha imehama kidogo. Kodiani ina mkono wake katika hilo, na rumba pia, maana kufikia wakati huo mdundo wa Kuba ulishakaa juu ya dumbaki kama mwenyeji.

Nije kwenye swali lako la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa. Vipi watu wasiolipwa wanadumu?

Sababu ya kwanza imo ndani ya muziki wenyewe, na sijui kwa nini haisemwi. Katika okestra ya taarabu karibu kila mtu anapiga sauti ileile. Fidla, kanuni, udi, nai na kodiani, wote wanaifuata melodi moja, kila mmoja akiipamba kwa mujibu wa ala yake na uwezo wake. Hakuna karatasi ya noti inayompa kila mtu sehemu yake ya peke yake kiasi kwamba akikosekana mmoja wimbo unatoboka. Mpigaji hodari hukaa mbele na kuibeba sauti. Aliye wastani hukaa nyuma yake, anashika mgongo wa melodi, anaacha mapambo yampite. Anayejifunza hukaa mwisho kabisa, na akipotea hunyanyua upinde, akasubiri mkondo urudi. Ni jahazi ambalo nahodha na mwanagenzi wote wanavuta kamba moja. Kwa hiyo karani wa bandari ambaye hana muda wa kujifungia saa sita kwa siku anaweza kuwa mpigaji halali, akafaa, akaheshimika, na mwaka wa kumi akajikuta amehamia safu ya mbele bila kujua ni lini hasa. Ungemtia mtu huyo katika okestra ya Kizungu yenye fidla ya kwanza na ya pili na kondakta mwenye fimbo, angekata tamaa mwezi wa pili.

Hii haimaanishi kwamba mambo ni mteremko. Bashrafu inamfichua kila mtu. Kwa wanafunzi wako: bashrafu ni kipande cha ala tupu, bila muimbaji, chenye asili ya Uturuki, ambacho kwa kawaida hufungua usiku wa taarabu. Kina sehemu kadhaa, na kati ya sehemu na sehemu kuna kipande kinachorudi kilekile, nacho ndicho kinachoonesha kikundi kimekaa mazoezini au hakikukaa. Wazee wa klabu waliweza kusikiliza bashrafu moja wakajua nani amekuwa akikosa kuja. Mimi mpaka leo nikienda kusikiliza kikundi nisichokijua, nawahi bashrafu. Nyimbo nikizikosa sijali sana.

Sababu ya pili ni kwamba hii ni klabu, na maisha ya klabu ni makubwa kuliko maonesho yake. Ala ni za klabu. Mtu anaweza kuwa na fidla yake, kama babu yako, lakini kanuni, besi, vipaza sauti na viti ni mali ya wote. Akihama mtu, akifa, akigombana na mwenzake akasusa, ala inabaki kwenye nyumba na kesho anakaa mwengine. Kuna mwenyekiti, katibu na mshika fedha. Kuna usiku wa mazoezi ambao watu huja hata kama hakuna harusi mbele, kwa sababu mazoezi ndiyo baraza lenyewe: kahawa ipo, habari za mji zipo, ubishi wa mpira upo, na katikati ya hayo yote wimbo mpya unazaliwa.

Na wimbo huo hauzaliwi na mtu mmoja. Mshairi anakuja na shairi lake, mara nyingi beti za mishororo mitatu, kila mshororo vipande viwili vya mizani minane, vina vimekaa mahali pake. Anamkabidhi mtu wa kulitia muziki. Huyo analichukua nyumbani, analizunguka na udi wake, anarudi na sauti na mikatizo ya ala kati ya ubeti na ubeti. Ndipo anachaguliwa muimbaji. Watu watatu tayari, na bado okestra haijagusa kitu. Kisha wapigaji wanafundishwa kwa masikio, kipande kwa kipande, mpaka kimekaa. Mshairi anaweza kuwa hajui kushika hata rika, na bado ni mwanachama kamili mwenye sauti kwenye mkutano. Bendi ya kulipwa ingemnunulia shairi lake mara moja ikaachana naye. Klabuni atakuja na shairi jengine mwakani, na mwanawe atakuja kujifunza dumbaki.

Fedha nazo zilikuwepo, tusijidanganye kwa kutaja ridhaa kila sentensi. Klabu ilialikwa harusini, mwenye shughuli alilipa, akagharimia usafiri na chakula. Usiku wa Idd kulikuwa na tiketi. Na wakati wa kuimba, watu walinyanyuka mmoja mmoja, hasa kina mama, wakaenda mbele polepole na noti mkononi kumtunza muimbaji, pengine kwa kuwa wimbo umewapendeza, pengine kwa kuwa ubeti ule umemlenga jirani aliyekaa safu ya tatu na wao wanataka ajue wamesikia. Fedha hizo kwa sehemu kubwa ziliingia mfukoni mwa klabu: nyuzi, ngozi ya dumbaki, kodi, rambirambi. Mpigaji aliondoka na kidogo cha kumfikisha nyumbani. Ndiyo maana mchana alikwenda bandarini.

Mtihani mkubwa ulikuwa 1964. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, klabu yenye jina la Kiarabu, wanachama wengi wenye asili ya Kiarabu na historia ya kualikwa kasrini haikuwa mahali salama pa kujivunia. Watu waliondoka visiwani, na miongoni mwao wapigaji. Wakati huohuo kulikuwa na kikundi kingine kilichoanza 1958 katika harakati za vijana wa chama cha Afro-Shirazi, kikiitwa Shime Kuokoana. Hicho kikaingia chini ya wizara inayosimamia utamaduni na kikakua hadi kuwa Culture Musical Club, Mila na Utamaduni, ambao mpaka leo unawakuta Vuga. Ikhwani Safaa ikaegemezwa kwenye tawi la chama la mtaani, na kwa miaka mingi watu wakaiita kwa jina la mtaa tu: Malindi. Ukimsikia mzee akisema «Malindi walipiga harusini kwetu», anazungumzia klabu ya babu yako.

Wapo wanaousimulia wakati ule kama maombolezo matupu, na wapo wanaousimulia kama ukombozi mtupu. Mimi naona klabu ilipoteza watu ambao hawakupatikana tena, na ilipata watu ambao kabla ya hapo wasingekanyaga kizingiti chake. Nyimbo za Kiarabu zilipungua. Za kusifu chama na Mapinduzi zikaja, nyingi zikapita na wakati wake. Wanawake wakasimama mbele ya okestra ya wanaume wakaimba kama waimbaji wakuu. Vijana wa Ng'ambo wakakaa kwenye viti vya fidla. Jina lilikunjwa likawekwa, likaja kukunjuliwa baadaye, na ala muda wote zilikuwa mlemle. Laiti ingekuwa bendi ya tajiri fulani, ingeondoka naye ndani ya meli.

Baadaye dunia ikagundua kilichokuwepo. Mwaka 1988 kampuni ya London, GlobeStyle, ilianza kutoa rekodi za taarabu ya Unguja, na Ikhwani Safaa na Culture wote wamo. Mwaka 2005, klabu ilipotimiza miaka mia, ikatoka sahani ya kuadhimisha kupitia kampuni ya Ufaransa. Safari za Ulaya zikaja, Culture hasa. Nasema haya kwa haraka kwa kuwa ndiyo yanayopatikana kirahisi; kila mtalii anayajua.

Kuhusu vikundi vya kulipwa, sitaki ufahamu kwamba navidharau. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 East African Melody, vijana wa hukuhuku waliokuwa Dubai, walileta kinanda cha umeme, gitaa na maneno ya wazi yasiyotaka kufumbuliwa, na harusi zote za Unguja na Pemba zikawafuata. Taarabu hiyo mpya, rusha roho, ikazaliwa, ikahamia Dar es Salaam, ikawa biashara kubwa. Muziki ule una ufundi wake, na kina mama wanaocheza usiku kucha wanajua wanachokifanya. Lakini angalia umejengwaje. Kinanda kimoja kinafanya kazi ya fidla sita, kwa hiyo watu sita hawana sababu ya kuja. Vyombo ni vya mwenye kikundi. Muimbaji nyota ndiye tangazo. Mshahara lazima upatikane kila mwezi, kwa hiyo lazima upige kila wiki, uwe na wimbo mpya wa kumjibu hasimu wako kabla watu hawajasahau ugomvi. Nyota akihamia kwa hasimu, au mwenye vyombo akichoka, hakuna kinachobaki zaidi ya jina kwenye kanda. Sijui kikundi cha namna hiyo kingedumuje miaka mia hata kama kingetaka.

Ajabu ni kwamba hatari inayozikabili klabu leo inatoka kwenye jambo jema. Tangu 2002 tuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichokaa muda mrefu katika jengo la Forodha ya zamani pale Mizingani. Kimefundisha kanuni, udi na fidla kwa mamia ya vijana, wasichana wengi miongoni mwao, na leo msichana mwenye kanuni mapajani hashangazi mtu. Kimeshakaribia kufunga milango zaidi ya mara moja kwa kukosa fedha, na kila mara roho zimetupanda. Ila kijana anayetoka pale amefunzwa, anasoma noti, anapiga vizuri kuliko wengi wa rika la babu yako, na hoteli za Nungwi na Paje zinamlipa kwa usiku. Usiku huohuo ndio wa mazoezi ya klabu. Utamlaumu? Mimi simlaumu. Wapo wanaofanya yote mawili, kama ambavyo zamani wapigaji wa klabu walikwenda kupiga kidumbaki mashambani, kile chenye vidumbaki viwili, fidla moja, cherewa (kayamba za mkononi) na sanduku la waya linalopigwa kama besi, wakapata chochote, kisha wakarudi klabuni kukaa kwa adabu na suti. Makame Faki, yule Sauti ya Zege, aliimba na Culture na akatamba kwenye kidumbaki, na hakuna aliyemwona msaliti. Ninachokiangalia ni kama vijana hawa wa hoteli watajali kuwa na mwenyekiti, mshika fedha, na mkutano wa kugombania nyuzi. Hapo ndipo miaka mia mingine itakapoamuliwa, na sina uhakika nao hata kidogo.

La mwisho, ambalo hukuliuliza. Wapigaji wa zamani walikuwa na madaftari. Kwa kuwa noti hazikutumika, daftari lilikuwa na maneno ya wimbo, jina la makamu, pengine alama ya wapi fidla zinajibu, na pembeni jina la aliyeimba au harusi ilipokuwa. Kama babu yako aliacha fidla, kuna uwezekano mkubwa aliacha na daftari, na mara nyingi halikai pamoja na fidla: linakaa kwenye sanduku la bibi, chini ya khanga, au ndani ya mfuko wa hati za shamba. Tafuta. Ukilipata, usilipeleke popote kwanza. Lipige picha kila ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha, pamoja na kurasa zinazoonekana tupu, maana maandishi ya penseli hufifia ukabaki mkwaruzo tu. Usilitie plastiki ya moto hata akikushauri nani. Kisha uwakalishe wazee wawili wa hapo Wete uwasomee beti za kwanza, mmoja baada ya mwengine na siyo pamoja, kwa sababu wakikaa pamoja mwenye sauti kubwa atakumbuka kwa niaba ya mwenzake. Andika nani kaujua wimbo gani, na nani kaupinga. Unitumie nakala, na nitakwambia zipi zilipigwa Malindi na zipi alizichukua kwengine.